Nungunungu na Mpaka wa Majivu

Paukwa?
Pakawa.
Pakawa nini?
Mpaka.
Mpaka wa nani?
Wa mwenye majivu.

Basi sogeeni. Mwenye kikohozi akohoe sasa, mimi sipendi kukatizwa.

Hapo kale palikuwa na nchi yenye kisima kimoja na mitaa mitatu. Kila mtaa ulichagua mjumbe wake, na wajumbe hao ndio walioamua nani anywe kwanza kiangazi kikija. Anayekunywa mwisho hulamba tope. Paa walikuwa wengi, Fisi wachache, lakini mchora mipaka alikuwa Fisi.

Mipaka ya nchi ile ilichorwa kwa majivu, mchana kweupe, watu wote wakifuata nyuma. Mchoraji akikata kona, watu humwuliza, "Kona hii ina nini?" Naye aonyeshe: mto, au jabali, au kaburi la wazee. Ndiyo ilikuwa desturi.

Mwaka huo Fisi akachora peke yake, alfajiri, mkoba wa majivu begani. Akazunguka, akajipinda, akarudi nyuma. Paa wengi akawasukumia mtaa mmoja, wakabanana kama kuni mzigoni. Waliobaki akawatawanya kidogo kidogo katikati ya Fisi. Kura zikapigwa: Paa mjumbe mmoja, Fisi wawili. Kiangazi kikaja. Paa wakalamba tope, na watoto wao wakaanza kuanguka njiani.

Sasa, nchi ile ilikuwa na Wakili wa Wote, naye ni Nungunungu. Kazi yake kusema mbele ya Tembo hakimu kwa niaba ya kila mnyama, hata asiyempenda. Paa ndio waliompa kazi hiyo, na Paa ndio waliokuja kwake jioni na mihogo, wakapiga soga. Wengine hawakuja. Nani akae karibu na miiba?

Nungunungu akaenda kwa Tembo. Hakupiga kelele. Aliomba jambo moja tu: Fisi autembee mpaka wake mchana, watu wakimfuata.

Wakatembea. Kona ya kwanza.
"Kona hii ina nini?"
"Jabali," akasema Fisi.
Watu wakatazama. Jabali hakuna.

Wakatembea. Kona ya pili.
"Kona hii ina nini?"
"Mto."
Watu wakatazama. Mchanga mkavu, hata chura hayupo.

Wakatembea. Kona ya tatu ikaingia mlangoni kwa Bi Paa, mjane, ikatokea uani.
"Kona hii ina nini?"
Kabla Fisi hajajibu, Bi Paa akatoka na mwiko mkononi.
"Bwana Fisi, jiko langu umelitia mtaa huu, kitanda changu mtaa ule. Nikiota ndoto, nimpelekee mjumbe yupi?"

Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Tembo hakucheka. Aliufuta mpaka kwa mguu wake, akampokonya Fisi mkoba, akampa Nungunungu achore upya.

Jioni ile Paa walikuja na mihogo na ngoma. Mkubwa wao akasogea karibu.
"Wakili wetu, maana wewe ni wetu, mkoba sasa unao. Pinda kidogo tu pale bondeni, Fisi wasiinuke tena."
"Kona hiyo ina nini?" akauliza Nungunungu.
"Ina sisi."
"Basi haina kitu. Kesho napita moja kwa moja."

Ngoma ikanyamaza. Wakabeba mihogo yao, wakaondoka. Bi Paa akasita mlangoni, akamtazama, kisha naye akawafuata wenzake.

Kesho yake mpaka ukanyooka. Paa wakapata wajumbe wawili, Fisi mmoja, na kisima kikanywewa kwa zamu. Watoto wakasimama tena. Nungunungu alikuja kunywa wote walipokwisha kwenda. Na kila jioni alitoa vigoda viwili nje, akakalia kimoja.

Funzo nalisema bila kuzunguka: anayesimama kwa ajili ya wote asingoje mgeni wa chakula cha jioni, na asimame hivyo hivyo.

Hadithi yangu imenyooka, na mpaka wake ni hapa. Kigoda hiki pembeni yangu kitupu, mnakiona. Anayetaka akikalie, ila asiniombe nipinde mwisho.