Karamu ya Tope

Mwana wa tope, shibe humuua. Mmemsikia Bi Tatu akimwambia jirani yake anayemwagilia mche wa ndimu asubuhi, mchana na jioni, mkaja mbio kuniuliza. Haya, kaeni. Methali hii ilianza hivi, na atakayesema naongopa aende akalinuse lile tope mwenyewe.

Nilikuwa mtunza stoo kwenye maabara moja ya maji. Mtoni chini yetu mafundi wa batiki walimwaga rangi, na mbuzi waliokunywa pale wakawa wanaharibu mimba. Lakini kwenye kona moja yenye tope jeusi, maji yalitoka meupe. Tope lenyewe lilinuka hata kunguru walipita juu yake bawa moja likipiga, jingine limeziba pua. Dakta Sikudhani, Mzaramo mwenye heshima zake, akasema humo mna bakteria wanaokula rangi. Akiwaotesha peke yao, mto mzima utapona. Wakuu wakamjibu: waoneshe kabla ya masika, la sivyo chumba chako atapewa Dakta Ngassa, jirani yako.

Sasa Ngassa ni Msukuma, na Msukuma na Mzaramo ni watani, wa kutaniana na kuzikana. Kila akipita mlangoni anapaza sauti: "Mtani! Hao wadudu wakifa, mzikaji ni mimi. Andaa kuku kabisa!"

"Utatangulia wewe, mla michembe, viazi vikavu vya kwenu!" Sikudhani hujibu, wakacheka wote.

Kwao Sikudhani mgeni hapewi makombo. Akawapikia bakteria wake supu ya mifupa, akatia hamira na sukari, akaigandisha kwenye visahani vya kioo na kupaka tope juu. Kitu kikaota kweli, ila ni utando mweupe wa kuteleza, uchafu wa jiko lolote. Rangi haugusi. Akazidisha supu, utando nao ukazidi.

Hapo utani ukaanza kumkaa kooni. "Kwa nini kila siku anataja maziko?" akaniuliza. "Na chumba changu anakitaka."

Akafunga kufuli. Akatandaza unga mlangoni. Akalaza unywele wake juu ya kila kifuniko. Unga haukukanyagwa, unywele haukusogea, na utando ukaota vilevile. Mwingine angetulia. Yeye akanong'ona, "Unaona anavyojua kujificha?" Nami, nisiwafiche, nilianza kumtazama Ngassa miguu, kama kweli inagusa chini.

Mchana mmoja tukamwona anakuja, sahani ameifunika leso, ananyata kama mtu aliyemwibia yai kuku anayeatamia. Sikudhani akamzuia mlangoni.

"Weka hapo!"

"Taratibu, mtani, utawaamsha."

"Utani umekwisha, Ngassa! Umetia nini kwenye visahani vyangu?"

Ngassa akaikumbatia sahani yake. Sikuwahi kumwona Msukuma yule hacheki.

"Sikutia," akasema. "Nilichukua. Kabla hujaweka kufuli. Si haki ya mtani kuchukua chako? Nilichota tope kijiko kimoja."

"Ukalifanya nini?"

"Nikalilaza njaa. Maji ya mto na rangi yao, nikayagandisha kwa mwani, basi. Nilitaka nije nikucheke kwamba wageni wako kwangu hawakupewa hata chumvi. Nikalisahau dirishani. Leo ndiyo nimeliona."

Akafunua. Sahani ilikuwa ya buluu, na juu yake vidoa vidogo kama mbegu za mchicha. Kila kidoa kilizungukwa na duara jeupe. Rangi imeliwa.

Sikudhani akaketi palepale, juu ya unga wake mwenyewe.

"Kumbe karamu yangu iliwaita walafi," akasema polepole. "Wageni wenyewe wamezoea kulamba kidogo. Nimewashibisha mpaka wakafa, halafu nikakushuku wewe." Akainua macho. "Nisamehe, Ngassa."

"Ngassa ndiye nani? Mimi mtani wako. Na mtani halipwi msamaha, hulipwa kuku."

Sikudhani akaacha kupika supu. Aliwachotea bakteria maji ya mtoni, akawasubiri, na masika ilipofika wakuu walikuta visahani vimejaa maduara meupe. Chumba hakikuhama.

Kuku alichinjwa. Ngassa alikaa mkekani, mikono ameshanawa, mate yanamtoka. Sikudhani akamletea shingo moja katikati ya sinia tupu.

"Mtani! Ndiyo nini hii?"

"Nakuhurumia, mla michembe," akasema Sikudhani, paja lote liko mkononi mwake. "Mwana wa tope, shibe humuua."