Nukta Tatu Nyekundu

Hapo zamani, si zamani ya mababu bali zamani ya majuzi, ile ambayo ukiigusa bado inauma, palikuwa na kwaya katika usharika mmoja wa milima ya Upare. Kwaya ilikuwa na gitaa la solo, na gitaa lilikuwa na mpigaji, jina lake Elifuraha. Alipiga miaka kumi na mmoja. Mama yake, Bibi Nakundwa, alikuwa haoni tena, na kila Jumapili alikaa benchi la mbele, karibu kabisa na spika. Alizoea kusema, "Wenzangu huwaona watoto wao. Mimi wangu namsikia."

Sasa, gitaa la umeme halisemi peke yake. Husemea kwenye amplifaya. Ile ya kwetu ina vitufe vitatu vya kuzungusha, na namba kuanzia sifuri hadi kumi. Kimoja ni geini. Ukiifungua kidogo, gitaa linasema safi. Ukiifungua sana, linakwaruza na kunguruma, vijana wanapenda. Viwili vingine ni vya besi, yaani sauti nzito, na trebo, sauti nyembamba. Elifuraha alikuwa na vipimo vyake, na sauti yake ilikuwa nyembamba, wazi, kama maji ya mfereji asubuhi kabla ng'ombe hawajapita. Ili asivipoteze, alitia nukta ya rangi nyekundu ya kucha penye kila kipimo. Nukta tatu.

Elifuraha akaugua, akafa. Bibi Nakundwa akaacha kutoka nje. Akaacha kanisa, akaacha na kula, anaonja tu na kusukuma sahani. Binti yake, Nakijwa, akambembeleza mpaka akachoka. Mama akamwambia, "Siku ya kumbukumbu watapiga wimbo wake, kwa gitaa lake. Nikiisikia ile sauti mara moja tu, nitamwacha aende. Tukirudi nitakula makande yenu."

Usharika mzima ukalijua neno hilo. Watu watatu wakapewa kazi ya siku ile.

Wa kwanza ni Mama Naetwe, mfagiaji wa kanisa. Siku ya Ijumaa alisema moyoni, "Kitu cha kumbukumbu kisiwe na doa." Akachukua tina ya kuyeyushia rangi, iliyobaki mafundi walipopaka milango, akalowesha kitambaa, akaisugua amplifaya mpaka ikang'aa. Nukta tatu zikaondoka na kitambaa. Aliziona zikiondoka. Akadhani ni uchafu wa watoto.

Wa pili ni Mwalimu Zefania, mwalimu wa kwaya. Jumamosi mpigaji mpya, Yoeli, alimwendea na kumwambia, "Mwalimu, alama za marehemu hazipo."

"Vipimo vyake niliviandika kwenye daftari."

"Liko wapi?"

"Nyumbani. Na nyumbani unakujua, ni kupanda mpaka magoti yaombe msamaha." Akacheka. "Kwani wewe masikio yako ni ya kuvalia kofia? Kesho mkuu wa jimbo yupo. Fungua geini tusikie."

Yoeli akaifungua hadi saba. Kanisa lilikuwa tupu, na kanisa tupu hujibu kwa kila ukuta. Mlio ukapanda hadi darini.

"Hapo hapo," Mwalimu Zefania akasema. "Usiguse tena. Ule mlio wa marehemu ulikuwa unanong'ona."

Hakupanda kwenda kulichukua daftari.

Wa tatu ni Yoeli mwenyewe. Jumapili kanisa likajaa, na miili ya watu hunywa sauti. Alipopiga noti ya kwanza akajua. Ule ukali uliokuwa mtamu jana, leo umekuwa uji. Noti zinashikana, kinanda kinazifunika. Baada ya ubeti wa kwanza wimbo ule humpumzisha mpiga solo, kwaya ikaimba peke yake. Mkono wake ukawa huru. Kitufe kiko karibu na goti. Lakini vijana wa nyuma walikuwa wameshasimama wanampigia makofi, na Yoeli akaona raha. Mkono ukabaki palepale.

Nisiwafiche, maana Mungu alikuwepo na aliona. Yoeli huyo ni mimi.

Nilimwona Bibi Nakundwa akimgeukia binti yake. Walikuwa mbele yangu kabisa, nikasikia.

"Nani huyo?"

"Ni wimbo wa kaka, mama."

"Wimbo naujua. Nauliza nani huyo."

Nikaingia ubeti wa pili kwa saba ileile. Akanyoosha mkono kutafuta fimbo yake. "Nirudishe nyumbani. Mwanangu hayumo humu."

Makande yalipoa. Hakuyagusa siku ile wala siku zilizofuata, na mvua za vuli hazijakwisha, tukamzika.

Baada ya maziko tulikutana sisi watatu mbele ya mchungaji.

Mama Naetwe akasema, "Kosa ni langu. Nisingefuta, kusingekuwa na la kuuliza."

Mwalimu Zefania akasema, "Mama Naetwe, na tina yako unataka kutunyang'anya hata dhambi? Wewe hukujua. Mimi nilijua, na daftari nilikuwa nalo. Nilivivia mlima, nikamtaka mkuu wa jimbo atusifu. Kosa ni langu."

Nami nikasema, "Ninyi wawili mlikosea kabla ya kusikia. Mimi nilikosea nikiwa nasikia. Kosa ni langu."

Mchungaji akatuma ujumbe kwa Nakijwa kwamba tunakuja kuomba radhi. Nakijwa akajibu hivi: "Nitampokea mmoja. Mkija watatu mtagawana kosa, na kosa likigawanywa kila mtu huondoka na kipande chepesi. Aje mwenye kosa mwenyewe."

Tangu siku hiyo tunatazamana. Juzi Mwalimu Zefania alinipa daftari. Geini tatu, besi nne, trebo saba. Nikaenda kanisani peke yangu, nikaviweka hivyo, nikaupiga ule wimbo taratibu. Sauti ikaja, nyembamba, wazi, yeye mwenyewe. Nilipiga hadi mwisho nikiliangalia benchi la mbele.

Basi ninyi mliosikia, mimi shule yangu ni ndogo na hukumu hii imenishinda. Yuko aliyefuta bila kujua, yuko aliyejua akavivia mlima, yuko aliyesikia akapenda makofi. Mlango wa Nakijwa uko wazi kwa mtu mmoja tu. Je, ni nani kati yetu anayestahili kupiga hodi?