Kipimo cha Kidole

Mwanamke mmoja alikuwa na uga wa kufinyangia vyungu, juu kwenye milima ya Upare. Jina lake Elieshi. Uga huo hakuuanzisha yeye. Aliurithi kwa Bibi Namkunda, mwalimu wake, na pamoja na uga alirithi kazi nzito kuliko kufinyanga, nayo ni kuwapima mabinti waliokuja kujifunza.

Desturi ilikuwa hivi. Binti akiisha kujifunza, alileta chombo kimoja alichokifinyanga na kukichoma kwa mkono wake. Kikikubalika, mwalimu alimpaka udongo mbichi kwenye paji la uso, na tangu siku hiyo alikuwa na ruhusa ya kuchimba kwenye shimo la udongo pamoja na wafinyanzi wengine mpaka uzee wake. Kikikataliwa, alikivunja mwenyewe mbele ya watu. Vigae vilipondwa, vikachanganywa katika udongo wa wenzake, naye akaenda kutafuta riziki kwingine. Wengi wa hao waliteremka tambarare kukata mkonge.

Elieshi akiwa peke yake alipenda kuzikumbuka enzi za Bibi Namkunda. Siku zile, jamani! Siku ya kupima ilikuwa ya kutwa nzima, na ilinukia maharage. Bibi hakuwa na haraka. Chungu cha kupikia alikiinjika motoni na maharage makavu ndani yake, akakaa nacho mpaka yaive, akichochea kuni kana kwamba anangoja wageni. Na wageni walikuja kweli, maana kijiji kizima kilijua kuwa siku hiyo halali mtu na njaa. Mtungi wa maji aliutaka uletwe umejaa tangu alfajiri, akauweka kivulini mpaka jua la utosi, kisha akateka kwa kata na kunywa taratibu, amefumba macho. Maji yakiwa baridi, alicheka kicheko cha mtoto. Yakiwa vuguvugu, hakusema neno la kuumiza. Alimpa binti kata ile aonje mwenyewe, na aliyeonja hakuwa na haja ya kuambiwa. Mara nyingi alimwongezea msimu mwingine wa kujaribu. Elieshi naye aliwahi kuonjeshwa maji vuguvugu ujanani mwake, na hata sasa, kichwa kimejaa mvi, alimpenda bibi yule kwa siku hiyo kuliko kwa siku aliyopakwa udongo.

Lakini Bibi alikufa, na mabinti wakaongezeka. Kutwa moja haikutosha tena. Manung'uniko nayo hayakukosekana, maana wanadamu hatuna dogo. Mama mmoja alisema chungu cha mwanawe kimepewa maharage ya zamani yasiyoiva, mwingine akasema mtungi wa fulani umewekwa penye upepo makusudi. Elieshi akachoka. Akakata shauri kwamba tangu sasa atagonga kila chombo kwa kidole. Kikilia kama kengele, kimepita. Kikitoa sauti nzito, kimeanguka. Kidole ni kimoja, na ni kwa wote.

"Sasa nani atasema napendelea?" aliwauliza, na kweli hakuna aliyesema. Walimsifu. Hata yeye alijisifu kidogo, usiku akiupaka mafuta mkono wake.

Mabinti si wajinga. Walijua kidole kinataka nini, wakakipa. Walifinyanga vyombo vyembamba. Wakapunguza vigae vilivyopondwa, ambavyo ndivyo hukipa chungu uvumilivu wa moto, wakachoma kwa kuni nyingi mpaka vyombo vikalia vizuri ajabu. Siku ya kupima uga mzima uliimba. Kwenye majiko ya watu mambo yalikuwa mengine: mama anainjika kande, chungu kinapasuka, moto unazimika, watoto wanabaki wakitazamana. Watu wakasema udongo wa siku hizi umeharibika. Elieshi naye akasema hivyo hivyo.

Mitungi ikaacha kuletwa kabisa. Mtungi mwema huchomwa kwa moto mpole, upate kutoa jasho, na jasho hilo ndilo linalopoza maji. Mtungi wa namna hiyo haulii kama kengele, hata ufinyangwe na malaika. Elieshi alilijua hilo kama alivyolijua jina lake. Alifundishwa na Bibi mwenyewe. Ila hakuna aliyemuuliza, naye hakutaka kujiuliza.

Ikaja siku ya zamu ya Navoneiwa, binti wa mjane mmoja wa bondeni. Alikuwa mpole, mkono wake wa polepole, na tangu siku ya kwanza alipenda mitungi kuliko kitu kingine. Wenzake walimtania kwamba ataolewa, atazaa, atapata wajukuu, na mtungi wake bado haujakauka. Mama yake alikuwa amemsimulia desturi ya zamani, basi alikuja na mtungi kichwani umejaa maji tangu alfajiri, akaupanga nyuma ya safu chini ya kivuli cha paa.

"Umetuletea maji ya kunawa?" mmoja alimtania, na wengine wakacheka.

Mabinti walikuwa wengi mwaka ule. Zamu yake ilifika jua likiwa la utosi. Elieshi alipouona mtungi, moyo ulimruka. Tumbo lilikuwa pana, shingo imekaa sawasawa, na ubavuni umande mwembamba ulikuwa ukiteremka. Ilikuwa miaka mingi tangu auone mtungi kama huo, na kwa kitambo kidogo alitamani kuketi chini na kuutazama tu. Lakini watu walikuwa wakimngoja. Akagonga ubavuni. Bu. Akagonga shingoni, juu ya maji. Bu.

Watu walimtazama yeye, wala si mtungi. Naye akawaza jambo ambalo hakuwa amewahi kuliruhusu limfikie: akiukubali huu, atawaambia nini wale wote aliowaangusha kwa kidole hiki hiki? Jambo hilo lilimtisha kuliko dhambi.

"Umeanguka, mwanangu," alisema. "Uvunje."

Navoneiwa hakulia. Alipiga goti, kama mabinti wa kwao wanavyofanya mbele ya mkubwa, akasema, "Mama, nitauvunja. Lakini uonje kwanza."

Kata ilikuwa pale pale, binti ameishika kwa mikono miwili.

"Nikianza kuonja wa mmoja, nitamaliza lini?" Elieshi alimjibu. Watu wakatikisa vichwa kukubali, maana lilikuwa neno la haki masikioni mwao. Kidole ni kimoja, na ni kwa wote.

Basi binti aliinuka, akaukumbatia mtungi kwa mara ya mwisho, akauachia.

Maji yalimrukia Elieshi miguuni. Yalikuwa baridi. Juu lilikuwa jua la kuchoma utosi, ardhi inaunguza nyayo, na maji yale yalikuwa baridi kama yametoka mwambani saa ile. Elieshi alisimama pale na koo lake kavu, vidole vya miguu vikipoa, na alimkumbuka Bibi Namkunda amefumba macho, kata mdomoni, karibu kucheka. Alijua kwamba Bibi angeukubali mtungi ule kwa funda la kwanza. Alijua pia kwamba hata yeye angeukubali, kama angeinama tu na kunywa.

Wanawake walikwisha kuanza kukusanya vigae wakaviponde. Binti aliyefuata alikuwa amekisogeza chungu chake, kidogo, chekundu, chembamba, tayari kulia. Elieshi aliinua macho kumtafuta Navoneiwa. Alikuwa amepita migomba, ameishika njia ya kuteremka tambarare, mikono mitupu, haendi mbio wala hageuki nyuma.

Elieshi akaiacha safu.

"Mama Elieshi, na sisi je?" mtu alipaza sauti nyuma yake.

Aliishika njia ile ile, miguu imelowa, mtu mzima anakimbia mchana kweupe mbele ya wote waliomsifu, akimwita binti kwa jina lake na kusema kwa sauti ya kusikika hata bondeni kwamba amekosea.

Kama alimfikia au hakumfikia, mfano huu hausemi. Nami nawauliza ninyi walimu wenzangu mnaoshika kalamu nyekundu: kumwangusha mtoto kwa kipimo ambacho hata ninyi hamkiamini mmekwisha kuweza, lakini kumfuata njiani mbele ya watu, ni nani kati yenu anayeweza?