Aliyebaki Nje ya Geti

Mtu mmoja alipewa klabu ya mpira aitunze isife. Jina lake Mhando, na klabu yenyewe ilikuwa Karakana, timu ya mji wa reli, iliyoanzishwa na mafundi wa treni enzi zile mafundi walipokuwa wengi. Hakuirithi wala hakuinunua. Wanachama walimnyooshea mikono kwenye mkutano mkuu wakasema itunze, naye akalia mbele za watu, machozi ya kweli kabisa. Nalisema hili mapema ili msimchukie kabla ya wakati. Aliipenda klabu ile, na hakuiba hata mpira mmoja.

Nawaona mnatazamana. Mnajiuliza mwalimu leo ameingiwa na nini mpaka atuletee mambo ya mpira. Ndiyo, ni mpira. Nisikilizeni tu.

Karakana ilikuwa Ligi Kuu, lakini iliishikilia ligi hiyo kwa kucha. Kila msimu ilinusurika dakika za mwisho. Uwanja wake ulikuwa na kipara katikati, vijana wake wazuri walichukuliwa na timu kubwa wakiwa bado wabichi, na viatu vilishonwa na kushonwa tena hadi ngozi ikakataa sindano. Mwenye macho angeona kwa nini timu ile inafungwa. Ilifungwa kwa sababu ilikuwa dhaifu. Sababu hiyo ilikuwa wazi mno, tena haikuwa na jina la mtu ndani yake, kwa hiyo hakuna aliyeitaka.

Watu wa Karakana walikuwa na desturi yao. Kila walipofungwa, kabla hata jezi hazijafuliwa, wanachama walikusanyika ukumbini kuuliza ni nani ameuza mechi. Hawakuuliza kama imeuzwa. Hilo walikuwa wameshalimaliza zamani. Wa kwanza alisema kuna mkono wa mtu, wa pili akaapa kwamba hata yeye ameuona, na hadi kikao kinafungwa jina lilikuwa limepatikana. Hapo Mwenyekiti alisimama akatangaza kwamba fulani amesimamishwa kupisha uchunguzi. Uchunguzi wenyewe haukuwahi kuanza, maana ni nani angeuanzisha? Watu walitoka ukumbini wepesi, kama mtu aliyetoka kung'olewa jino, wakaenda zao kula.

Mhando hakuianzisha desturi hiyo, aliikuta. Waliomtangulia waliitumia mara mojamoja, mambo yalipowazidi. Yeye, kwa hofu ya klabu kumfia mikononi, aliitumia kila timu ilipopoteza, na timu ilipoteza sana.

Alianza na Yusto, golikipa. Huyu alikuwa mtu wa maneno machache, amelinda lango la Karakana tangu ujana wake mpaka mvi za kwanza zikamwotea ndevuni, na kila alipoitwa na timu kubwa alisema hapa panamtosha. Siku moja mpira ukampita katikati ya miguu ukaingia wavuni polepole, watu wote wakiutazama. Hakuna golikipa ambaye hajafungwa bao la namna hiyo. Yusto akasimamishwa. Mabeki wawili wakamtetea, nao wakasimamishwa kwa kumtetea. Kisha ikawa zamu ya mshambuliaji aliyekosa penalti, halafu akaonekana akicheka na beki wa wageni. Beki yule alikuwa shemeji yake, na shemeji wakikutana hucheka, lakini nani alitaka kusikia hayo?

Siku wachezaji walipocheza wakishika matumbo, jina lililopatikana lilikuwa la Bi Siwema, mpishi wa kambi. Mama huyu hakuwa mtu wa kunyamaza.

"Mwenyekiti, wali ule hata wewe uliula," alisema mbele ya kikao kizima.

Kweli aliula, tena aliongeza sahani ya pili. Bi Siwema akasimamishwa hivyo hivyo. Likafuata tawi la mashabiki wa Stesheni, wenye ngoma, kwa kosa la kupiga makofi wageni walipofunga bao zuri. Walipigwa marufuku kutia mguu uwanjani. Mwishowe hata mlinzi wa geti alituhumiwa kuwaingiza watu wasiojulikana, na tangu siku hiyo ufunguo wa geti kuu ukakaa mfukoni mwa Mwenyekiti. Wageni wachache waliokuja walipitia mlango mdogo wa upande wa pili. Na wapo wachezaji ambao hawakusubiri zamu yao. Mtu alipohisi macho ya wenzake yanamgeukia, alifungasha begi lake mwenyewe.

Basi Mhando akawa anakaa peke yake jukwaani. Mwanzoni alijiambia ni vizuri, sasa klabu imesafika, waliobaki ni waaminifu. Lakini mpira haukuumbwa kutazamwa na mtu mmoja. Ikipigwa pasi nzuri aligeuka amwambie jirani umeiona ile, akakuta saruji. Nyumbani mkewe alikuwa ameacha kumuuliza matokeo. Niseme wazi: upweke ulikuwa unamla mtu yule, na yeye mwenyewe alijua. Alitamani kumpigia hata mmoja wao simu. Angemwambia nini? Angemwambia nimekukumbuka, na yule angemuuliza kwa nini basi ulinifukuza, na swali hilo Mhando hakutaka kuulizwa na mtu yeyote aliye hai.

Ikafika mechi ya mwisho ya msimu. Karakana ilihitaji sare tu ibaki Ligi Kuu. Ikishuka daraja, kila mtu mjini alijua kwamba haitapanda tena; ingekufa kama zilivyokufa timu nyingine za reli, jina lake likabaki kwenye fulana za wazee. Wageni wakafika mchana na basi lao. Mwamuzi akakagua nyavu. Mhando akaenda chumba cha kubadilishia nguo, akawakuta wachezaji sita. Walikuwa wamekaa mbali mbali, kila mmoja na benchi lake, kwa sababu hata wao walishazoea kushukiana. Sheria inataka saba ndipo mechi ianze. Muda wa kanuni ukipita, wageni wanapewa ushindi wa mezani.

Alitoka nje hewa imfikie, akasikia sauti za watu upande wa geti kuu. Akasogea.

Walikuwepo wote. Yusto alikuwa amekaa chini akiegemea ukuta. Mabeki wale wawili walikuwepo, na mshambuliaji, na Bi Siwema na kanga yake begani, na watu wa Stesheni na ngoma zao zimelazwa kimya mchangani. Hawakuja kwa ajili ya siku ile. Walikuja kila mechi ya nyumbani, tangu walipofukuzwa, wakakaa nje ya ukuta wakisikiliza mpira unavyopigwa, wakikisia kwa sauti nani kapiga na nani kakosa. Mhando hakujua, kwa kuwa aliingia uwanjani mapema kuliko wote na kutoka baada ya watu wote kwenda zao. Alikuwa amekaa peke yake upande mmoja wa ukuta, na klabu yake nzima imekaa upande wa pili.

Usajili wao kwenye ligi ulikuwa haujafutwa. Klabu ndiyo iliyowasimamisha, klabu ingeweza kuwarudisha, na siku ile klabu ilikuwa ni yeye. Alitoa ufunguo akauingiza kwenye kufuli. Hapo mkono ukamgomea. Maana akifungua hivi hivi, bila neno, atakuwa amekiri kwamba hapakuwa na muuzaji. Atakuwa amekiri kwamba aliwamaliza watu wa klabu ile mmoja mmoja kwa ajili ya mtu ambaye hayupo. Ninyi mlio wakubwa mnajua jinsi jambo kama hilo lilivyo zito kulitamka. Mtu anaweza kuiacha nyumba iungue badala ya kulitamka.

"Nitafungua," alisema. "Ila kwanza anitajie mtu, nani aliyetuuza."

Mabeki walitazama chini. Mtu mmoja wa Stesheni alisonya. Ndani ya uwanja filimbi ya mwamuzi ililia kuziita timu. Yusto akainuka, akajikung'uta vumbi, akaja mpaka kwenye vyuma vya geti.

"Sema ni mimi, Mwenyekiti. Wafungulie wenzangu."

Mhando alimtazama usoni na akajua kwamba si yeye. Wote pale walijua. Bi Siwema alifungua kinywa, Yusto akamtikisia kichwa, mama yule akakifunga kwa shida. Neno moja tu la Mwenyekiti lingetosha kumwokoa, hata angesema hapana, si wewe. Aligeuza ufunguo. Wakaingia wote, wakimpita Yusto bila kujua pa kuyaweka macho yao, na alipopita wa mwisho Yusto akalivuta geti mwenyewe kutoka nje, ili mtu mwingine asilazimike kumfungia.

Mechi hiyo aliisikia, hakuiona. Alisikia ngoma za Stesheni zikiamka. Alisikia sauti ya mshambuliaji akiita mpira. Karibu na mwisho alisikia uwanja mzima ukishika pumzi, kisha ukalipuka kwa kelele, akaelewa kwamba golikipa wa akiba ameokoa mpira wa hatari, na mikono yake mwenyewe ilikuwa imejikunja kifuani kama vile ndiye aliyeudaka. Filimbi ikalia. Sare. Karakana imebaki.

Wakatoka wakiimba, wamembeba golikipa wa akiba mabegani. Walimpita Yusto wakati wa kutoka kama walivyompita wakati wa kuingia. Beki mmoja alimgusa bega, lakini haraka haraka, kama mtu anayejipenyeza kwenye msongamano. Mhando alitoka baada ya wote, akafunga kufuli, na wakabaki wawili tu barabarani. Mwenyekiti alitafuta neno. Mwishowe akasema kwamba katikati ya uwanja patahitaji majani kabla ya msimu ujao. Yusto akasema ni kweli, patahitaji. Kila mtu akashika njia yake.

Karakana ipo hadi leo. Majani yameota, na lile geti siku hizi halina kufuli. Na desturi ile imekufa, kwa sababu habari zilienea mjini kwamba Yusto amekiri; muuzaji alikwisha kupatikana na hapakuwa na haja ya kumtafuta mwingine. Timu ikifungwa sasa, wanachama hukaa wakaulizana kwa nini, na mara nyingi jibu ni viatu, au vijana hawafundishwi, au uwanja, na mambo hayo mtu anaweza kuyafanyia kazi. Hivyo ndivyo klabu iliyokuwa inakufa ilivyopona. Yusto anaziba pancha za baiskeli pembeni ya mji. Watoto ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka ule humwita Muuza Mechi, na baadhi ya watu wazima hupeleka baiskeli zao kwingine. Siku za mechi bado hukaa nje, kwenye ukuta, ingawa hakuna anayemzuia kuingia. Mhando huingilia mlango mdogo wa upande wa pili ili wasikutane. Bi Siwema alijaribu mara moja kusema ukweli kwenye mkutano, akaambiwa mama, mambo yametulia, usitutibulie. Na wote waliokuwa getini siku ile, kila mmoja ukimuuliza pembeni, atakwambia kwamba ipo siku litasemwa.

Basi niwaulize ninyi, wenye ndoa zilizopona, wenye koo zilizopatana, na humu humu tulimo ambamo siku hizi hatugombani: utulivu huu tumeupata kwa kulichafua jina la nani, na tunangoja nini kwenda kumsafisha angali hai?