Siku Niliyojibu "Njema"

Hapo kale! Itikieni, "Tupo, babu!" Hapo kale, simba walipokuwa wakibisha hodi kabla ya kuingia bomani, nami nikiwa na meno yangu yote! Sogeeni huku kuliani, sababu mtaisikia.

Zama hizo nilijiona kijana wa maana. Kumbe nina sikio moja tu! La kushoto liliziba nilipougua utotoni, nikalificha miaka na miaka. Nikisemeshwa upande huo, najibu "Njema!" Si watu huuliza habari? Ndiyo akili niliyokuwa nayo, wajukuu zangu. Msicheke sana, mmeirithi.

Basi nikampenda Mize, binti wa Mzee Kungulio. Nikaenda kwao kuposa, mimi na mshenga wangu, kanzu mpya imenyooka. Mzee Kungulio akaja, akaketi kando yangu. Wapi? Kushotoni! Maswali yake nilihadithiwa baadaye.

"Wazazi hawajambo?"

"Njema!"

"Nasikia mama yako anaumwa?"

"Njema, mzee, njema!"

Mshenga akanifinya. Nikadhani ananipongeza.

"Na binti yangu nikikunyima?"

"Njema kabisa!"

Mzee akasimama, akanyoosha kidole mlangoni. "Tokeni! Huyu amekuja kunidhihaki!"

Hilo nililisikia. Nikaona Mize ananiponyoka hivihivi. Wanangu, niliogopa kuliko siku zote. Nikapiga magoti.

"Mzee wangu, nisamehe. Sikio hili halisikii. Sijamwambia mtu, hata mama yangu."

Mzee akaketi tena, polepole, safari hii kuliani kwangu. Akaninong'oneza, "Mwanangu, mimi jicho langu la kushoto halioni. Ndiyo maana nilikaa kule, nikuone vizuri. Sasa huku sikuoni, lakini unanisikia."

Nyuma ya pazia Mize akapaza sauti, "Baba! Mbona la jicho hukutuambia?"

Tukacheka, hata mshenga. Nikapewa mke.

Basi, wajukuu zangu, anayekupenda mwambie kasoro yako mapema. Usingoje upige magoti na kanzu mpya, vumbi lile halikutoka.

Kisa changu kimefika nyumbani, kimevua viatu. Aliyekisikia akipokee, aliyesinzia asimlaumu babu.

Mbona mnaninyooshea vidole? Bibi yenu Mize ananiita? Huku kushoto?

Njema, mke wangu, njema!