Njia ya Rugwiza

Njia haifyekwi siku ya safari. Mmeisikia kwa baba yenu mkaicheka, sasa mnataka kujua ilikotoka. Basi tulieni. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na nchi ndogo ya vilima, yenye vitunguu vitamu ajabu. Kila kiangazi watu wake walipanda mlima wote pamoja, kufyeka njia ya kwenda ziwani kwenye soko. Kisha nchi kubwa ya bondeni ikajenga barabara hadi mpakani. Malori yake yakawa yanachukua kila gunia na kurudi na mahindi. Watu wakaacha kulima mahindi, wakaacha na mlima. Desturi ikafa, wala hakuna aliyeililia.

Isipokuwa Rugwiza. Marehemu mkewe ndiye aliyekuwa akiwaimbisha wafyekaji. Kila kiangazi mzee huyo alipanda na panga lake, akala kiazi chake, akarudi jioni asipate hata wa kumpa pole. Alikuwa mpweke, wajukuu zangu, mpweke hasa.

Bahenda, mkuu wa wakulima, alimtania. "Mzee, unawafyekea nyani?"

"Nipe watu kumi tu, mwanangu."

"Wa nini, na lori liko mlangoni?"

Mwaka wa saba mfalme wa bondeni akafariki. Kwa mila yao, mpaka ulifungwa siku arobaini za matanga. Hawakuwa na ubaya na mtu. Walikuwa na msiba wao. Lakini vitunguu vilikwisha kung'olewa, mvua imeanza, na ghalani hamna mahindi.

Bahenda akaja mbio, kijiji kizima nyuma yake na magunia kichwani.

"Baba, njia yako inafika ziwani?"

"Inafika pale mikono yangu ilipochokea."

Wakapanda. Hadi adhuhuri njia ilikuwa safi kama ua uliofagiliwa. Halafu ikakoma, mbele miiba na mianzi mitupu. Walifyeka siku tisa kwenye mvua, na vitunguu vikaozea maguniani kabla hawajaliona ziwa.

Bahenda akaketi matopeni karibu na mzee. "Tusamehe, baba. Leo tumekuja sote."

Rugwiza aliwatazama, watu mia nne na mapanga yao, akalia. Miaka saba alikuwa ameomba kumi.

"Mmekuja," akasema. "Lakini njia haifyekwi siku ya safari."