Sweta la Kijani Nyuma ya Mlango

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Maana yake, cha mwenzio hata kikupendeze vipi, siku ya siku kitakuumbua mbele za watu. Na maneno nayo ni nguo. Anayedhani haya ni ya kale, na asikilize yaliyompata dada mmoja msaili.

Dada huyu alitumwa na kampuni ya kompyuta kwenda chuo kikuu kuchagua kijana mmoja tu wa kuandika programu. Alipewa chumba cha mwisho wa korido, chenye meza, viti viwili na pangaboi la dari lililokohoa kama mzee. Nje vijana saba walipanga foleni, mashati yamenyooka kama karatasi.

Dada alikuwa na swali lake moja asiloliacha kamwe. "Niambie siku uliyoshindwa."

Wa kwanza aliinamisha kichwa kidogo, akavuta pumzi, akasema, "Ni siku mama yangu alipofariki. Nilikuwa kwenye kompyuta, sikupokea simu yake. Niliporudi nilikuta sweta lake la kijani nyuma ya mlango, mkono mmoja umepinduka."

Dada alifuta machozi, akampa alama nzuri.

Wa pili, binti, naye akainamisha kichwa. "Ni siku mama yangu alipofariki..." Sweta lile lile. Mkono ule ule. Nywele zikamsimama dada.

"Wewe na aliyetoka ni ndugu?"

"Hapana, dada. Hatujuani hata kwa salamu."

Wa tatu, wa nne, wa tano, wa sita. Mama akafa, sweta likaning'inia. Sauti zilikuwa tofauti, lakini pumzi walivuta mahali pamoja, kama kwaya ya mwalimu mmoja. Chumba kikawa baridi, na jua la saa saba linawaka dirishani. Dada akazima pangaboi. Baridi ikabaki.

Wa saba wenzake walimwita Fundi, kwa kuwa ndiye aliyetengeneza programu ya foleni ya zahanati ya chuo. Dada alikwisha kuzisikia sifa zake.

"Fundi, kazi hii ni kama umeshaipata. Niambie tu siku uliyoshindwa."

Fundi akainamisha kichwa. Usiseme, mdogo wangu, dada aliomba moyoni.

"Ni siku mama yangu alipofariki..."

"Basi!" Dada alipiga meza. "Kwenye fomu umeandika namba ya mama yako mzazi. Nani atapokea nikipiga?"

Jasho lilimtiririka Fundi. Akachomoa sikioni kidude kidogo kama punje ya harage, akakiweka mezani. "Nisamehe, dada. Ni programu ya kwenye simu. Inasikia swali, inakunong'oneza jibu. Wote tunayo."

"Na wewe huna siku yako?"

"Ninayo. Programu ya zahanati iliwahi kuzimika ghafla, wagonjwa wamejaa hadi nje. Niliona aibu kuisema."

"Hiyo ingekutosha! Mama yako alikuambia nini ulipomuaga asubuhi?"

"Alisema, 'Baba, kaseme lako.' Nikamcheka. Nikamwambia mambo ya siku hizi hayajui."

"Mpigie. Nataka kumsikia."

Simu iliita mno. Kisha sauti ikaja, kama inatoka kisimani. "Baba, ni wewe? Afadhali. Tangu asubuhi nasikia watu wananililia uani. Nikitoka, hakuna mtu. Wamelia mara saba."

"Mama, u mzima?"

"Nipo, ila baridi! Hata hili sweta uliloniachia halinipashi."

"Sweta gani, mama?"

"La kijani, si hili nimelikuta nyuma ya mlango? Mkono mmoja umepinduka. Naunyoosha, unapinduka tena."

"Livue, mama! Livue!"

Fundi alitoka mbio, hata begi akalisahau. Dada akabaki na kile kidude mezani. Kilivuta pumzi mahali pale pale, kikanong'ona chenyewe, "Ni siku mama yangu..."

Mama alikutwa hai, ameketi juani anatetemeka, sweta halionekani popote. Hadi leo hajawahi kupata joto sawasawa. Na kazi ile? Hakuipata hata mmoja wa wale saba.

Wanangu mnaosoma, semeni lenu, hata likiwa na viraka. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.